Beki Aliyekaa Uani Kwetu

Siku ya pili ya azaa, matanga ya Mama, wanaume tukiwa tumekaa safu katika ukumbi wa msikiti wa mtaani kwetu, Al-Amerat, nje kidogo ya Maskati, nilimwona mzee mmoja wa Kizungu mlangoni akihangaika kuvua kiatu cha kushoto. Kijana mmoja aliinuka kumsaidia, akakataa. Alipokwisha kukivua alianzia kulia kama inavyopasa, akampa kila mtu mkono, mmoja baada ya mwingine, polepole, goti lake gumu na fimbo yake kwapani, mpaka akanifikia mimi. "Nassor," aliniambia kwa Kiswahili, "pole. Nimechelewa. Ndege zilikuwa mbili." Halafu akanikumbatia, na mimi niliyekuwa nimejikaza tangu jana kwa sababu watu wananitazama, nikalia mbele ya wote. Binamu yangu aliyekaa ubavuni pangu aliniuliza kwa sauti ya chini, huyu nani? Nikamjibu, beki. Hakuelewa, na pale hapakuwa mahali pa kueleza. Ninaeleza sasa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili mwaka ule, na nilijiona mchezaji. Habari za ukoo wetu, nani alitoka Unguja lini na kwa chombo gani, naziacha; kila familia ya namna yetu hapa inayo hadithi hiyo na zote zinafanana. Inatosha kujua kwamba nyumba ilikuwa ya Mama na mimi tu, kwamba nyuma yake kulikuwa na uwa, na uani kulikuwa na chumba chenye mlango wake, choo chake, na kiyoyozi kilichojua kunguruma kuliko kupoza. Klabu yetu, moja ya zile ndogo ambazo kila mwaka hupigana zisishuke daraja, ilikuwa imemsajili beki wa kati kutoka Uhispania, na nyumba iliyokodiwa kwa ajili yake ilikuwa haijakwisha kupakwa rangi. Mudiri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa klabu, aliniuliza kama tunaweza kumweka kwa wiki mbili. Mama alisema aje, lakini kama hali samaki atafute pengine. Alikaa msimu mzima. Ile nyumba ilipokwisha rangi alikwenda kuitazama, akarudi kabla ya chakula cha mchana, akasema ina mwangwi.

Jina lake Anselmo. Alikuwa na miaka thelathini na nne, umri ambao kwangu mimi wakati ule ulikuwa uzee kabisa, na leo nikimkumbuka namwona kijana. Chumbani kwake hapakuwa na vitu: jozi mbili za njumu zilizopigwa dawa zikang'aa, picha ya mama yake amesimama mbele ya mlango wa buluu, na ndoo ya plastiki aliyoijaza barafu kila baada ya mazoezi akatia mguu ndani mpaka gotini, uso umekunjamana. Lakini hakukaa chumbani. Mlango wa jiko letu ulifunguka uani, na asubuhi moja katika wiki ya kwanza nilitoka nikamkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, jitu zima lile, magoti yamefika kidevuni, na Mama amesimama juu yake kama kocha. "Nyeupe ikisha acha, usinitilie na kifuu!" anamwambia. "Huku! Geuza!" Majirani walisema waliyoyasema. Mama aliwaambia kwamba mtu anayekuna nazi vizuri hivyo hana nafasi ya kufanya mengine.

Baba yake alikuwa amefanya kazi kiwandani, katika mji wa bandari kaskazini mwa Uhispania ambako samaki hutiwa makoponi, kwa hiyo Anselmo alikuwa na maoni juu ya samaki. Mama naye alikuwa na maoni. Kila tulipoletewa jodari kutoka Qurayyat, bado ana harufu ya bahari, vita vilianza. Yeye alitaka achomwe kwa chumvi na mafuta tu, Mama akasema huo ni uvivu, samaki wa watu, maskini, hapakwi hata nazi. Mwishowe jodari alikatwa vipande viwili, kimoja cha kila mtu, na mimi nikala vyote. Sijui kama nimewahi kula vizuri tena kama nilivyokula mwaka ule. Wali wa nazi, mchuzi wa papa, mkate wa ufuta wa moto ambao Anselmo alikuwa akiurarua kwa mikono miwili na kufumba macho. Nikipita sasa barabara ya pwani kwenda kazini Maskati, kwenye zile ofisi ambako nimezeekea, huwa nasikia njaa ya chakula kile bila sababu, hata nikiwa nimeshiba.

Ni wakati wa kula ndipo alipotusimulia kazi yake, kidogo leo, kidogo kesho. Alitoka kwao akiwa na miaka kumi na saba kwenda klabu ya daraja la pili, akakaa huko muda mrefu kiasi kwamba mwuza magazeti wa mji ule alikuwa akimwekea gazeti lake bila kuulizwa. Akapata msimu mmoja, mmoja tu, wa ligi kubwa. Aliwakaba watu ambao mimi nilikuwa na picha zao ukutani. Nilimwuliza ilikuwaje, nikitegemea hadithi za mabao, akaniambia kwamba beki akifanya kazi yake vizuri hana cha kusimulia, kwa sababu kilichotaka kutokea hakikutokea. Hakuna anayepiga picha bao ambalo halikufungwa. Alicheka aliposema hivyo, lakini hakucheka alipofika kwenye namna alivyoondoka. Klabu ile ya ligi kubwa ilimwacha baada ya goti kuumia. Alikwenda mazoezini siku ya kwanza ya msimu mpya akakuta kwenye msumari wake imetundikwa jezi ya mtu mwingine. Klabu iliyofuata ilimwacha kwa simu, tena aliyepiga ni karani. Nyingine, ya kisiwani Kupro, haikumwambia kitu, mshahara ulikoma tu. "Kila mara kuna mtu amenitoa," alimwambia Mama. "Hii ya mwisho. Nataka nimalize mwenyewe. Mechi ya mwisho ya msimu, nitoke uwanjani kwa miguu yangu, basi." Mama alimwongezea mchuzi. Kwake hilo lilikuwa ni jibu.

Mimi nilikuwa beki wa kulia, na sifa yangu ilikuwa ni kuteleza chini kwa mguu kuunyakua mpira, vumbi linaruka, watu wanapiga kelele. Nilidhani ataipenda. Wiki ya pili ya mazoezi alinisogeza katikati kando yake, na kila nilipolala chini alisimama juu yangu akitikisa kichwa kama mtu aliyekuta sahani imevunjwa. Beki anayelala chini, aliniambia, alikosea zamani, pale alipokuwa bado amesimama. Alinifundisha kungoja. Mshambuliaji anakuja na mpira, roho inakwambia mrukie, nawe unarudi hatua, unarudi tena, unamwacha yeye ndiye aamue, na mtu akilazimishwa kuamua hukosea. Ilinichukua miezi. Kusema kweli nililichukia somo lile, na leo ndilo pekee ninalowafundisha vijana wa shule ninapopata nafasi jioni, nao wanalichukia vilevile.

Sasa nifike kwenye karamu. Kabla ya ligi kuanza klabu ilialika wakubwa wake na wafadhili katika ukumbi mmoja mjini, wanaume peke yao, kanzu nyeupe na majambia, sinia za wali na nyama ya mbuzi. Baada ya kula, wachezaji wa kulipwa waliombwa kusema neno. Mbrazili mmoja alisema Kiingereza, watu wakampigia makofi. Akainuka Anselmo. Alikuwa amejitayarisha, nilimwona anavyokunja kikaratasi mfukoni. Akasema kwa sauti ya uwanjani, maneno yamenyooka: "Assalamu alaykum. Mimi naitwa Anselmo. Nnashukuru sana kwa chakula. Nimekuja kwenu, mnipokee kama mtoto wenu. Mungu awape umri." Kisha mtu mmoja nyuma akauliza kwa Kiarabu, huyu mmemleta kutoka Uhispania au kutoka Zanzibar? Na watu wakapasuka kwa kicheko, kicheko cha kufuta machozi.

Msomaji asiyekulia hapa huenda asielewe kwa nini mimi nilitaka ardhi inimeze. Kiswahili chetu tulikiacha nyumbani. Klabuni tulikuwa watatu tulionyonya lugha hiyo, mimi, kipa wetu Khalfan, na beki wa kushoto, na hatukuwa tumewahi kusemezana neno moja la Kiswahili mbele ya wenzetu, kwa sababu kulikuwa na watu wakisikia tu walianza kutuita Wazinjibari, yaani watu wa kuja, kwa utani, utani ule ambao ukikasirika unaambiwa huna ucheshi. Na sasa Mzungu amekisimamisha Kiswahili katikati ya ukumbi kwa sauti kubwa, tena Kiswahili cha mama yangu, mpaka lile "nnashukuru" lake. Kumbe mwezi mzima Anselmo alidhani anajifunza Kiarabu. Mimi nilidhani anajua. Mazoezini alikuwa akisikia lugha nyingine, lakini akajisemea kwamba vijana wanasema haraka na masikio yake ni mabovu. Na nyumbani kwetu Mama alikuwa akianza sentensi kwa Kiarabu akaimaliza kwa Kiswahili, sasa atatenganisha vipi? Nilitupa macho meza kuu. Kila mtu pale alikuwa akicheka isipokuwa Mudiri. Alikuwa akitazama finjani yake ya kahawa.

Garini, tukipanda vilima kurudi Al-Amerat, Anselmo aliniuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kama amekosea adabu. Nikamwambia ukweli. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akapiga dashibodi kwa kiganja, na tulipofika alikwenda moja kwa moja jikoni.

"Mama! Hii si Kiarabu!"

"Nani kakwambia ni Kiarabu?" Mama alikuwa akichambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Umeniuliza hapa tunasemaje. Hapa ndo hivi tunavyosema. Ungetaka vyengine ungesema."

"Watu wote wamecheka."

"Wamecheka kwa sababu umesema vizuri. Ungesema vibaya wangekupigia makofi kama yule wa mwanzo."

Asubuhi yake Mama alijitolea kuanza naye Kiarabu, upya, kutoka alifu. Anselmo akaniuliza kwanza, huko nyuma, kwenye mabeki, ni wangapi wanakijua Kiswahili? Nikamhesabia. Na washambuliaji wa timu nyingine, wanakijua? Nikasema wengi wao hapana. "Basi," alisema, na akaendelea kukuna nazi. Tangu siku ile safu yetu ya ulinzi ilikuwa na lugha yake. Anapaza sauti "Juu!" na sote wanne tunapanda, mshambuliaji wao anabaki ameotea, anageuza kichwa huku na huku kama aliyeachwa na basi. "Ngoja! Ngoja! Wako, Nassor!" Aliyekuwa beki wetu wa nne, kijana wa Suhar asiyejua hata "habari", alijifunza maneno yote ya lazima na matusi mawili. Khalfan, aliyekuwa hafungui mdomo, akawa anapiga kelele golini kwa Kiswahili utadhani anauza samaki. Mmoja wa wale watu wa "Wazinjibari" aliendelea na utani wake wiki moja, mbili, kisha tukashinda mechi tatu mfululizo bila kufungwa, akakosa wa kucheka naye. Mara moja tu tuliumbuka. Tulikuwa tumepanga kwa sauti, mbele ya mshambuliaji mmoja mrefu, nani amsukume na nani amzuie kwenye kona, naye akageuka akatuambia kwa utulivu, "Nawaskia, yakhe," akaruka akatufunga kwa kichwa. Mama yake, kumbe, alizaliwa Pemba.

Ilikuwa raha, na nilidhani itabaki hivyo. Lakini goti la Anselmo lilianza kumsaliti kabla ya mwaka mpya. Nilikuwa nikimwona asubuhi akishuka zile ngazi tatu za chumba chake kinyumenyume, ameshika ukuta. Aliyekuwa akitutibu viungo klabuni, Wanjala, Mkenya mwenye mikono mizito na moyo mwepesi, alijaribu kila kitu. "Nitakwambia ukweli, kaka," aliniambia. "Hiyo goti imechoka. Atacheza, lakini si kila wiki. Na akikimbizana na hawa vijana wa mbio, hapo sasa ni maombi." Tukaanza kufungwa. Si makosa yake peke yake, lakini yeye ndiye aliyekuwa mgeni, na nafasi za wageni zina idadi.

Alasiri moja nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye meza ya Wanjala, ananikanda paja, na upande wa pili wa ukuta ilikuwa ofisi ya Mudiri. Ukuta wenyewe mbao tupu. Nikamsikia kocha wetu, mtu wa Tunisia, hodari na hana subira, akisema kuna mshambuliaji amempata, dirisha la usajili litafungwa Ijumaa, na nafasi ya kumweka ni moja tu, ya Mhispania. Mudiri akasema basi, tutakwenda kumwambia, lakini si hapa wala si kwa simu. Mtu ametumikia, anastahili kufuatwa nyumbani. Keshokutwa baada ya laasiri. Mikono ya Wanjala ilisimama pajani pangu. "Umesikia?" aliniuliza. "Nimesikia," nikasema, na sikumbuki nilivyoendesha gari kufika nyumbani.

Nilimkuta Mama peke yake jikoni nikamwambia yote. Nilitaka nimweleze Anselmo palepale, ajitayarishe, asikutwe tena kama alivyokutwa mara zote zile. Mama alikataa. "Usimwambie," alisema. "Mtu akijua anakuja kufukuzwa hakaribishi vizuri." Sikuelewa. Siku iliyofuata alimwita Anselmo akamwambia kwamba Mudiri na kocha watakuja kumtembelea, yeye, chumbani kwake, na kwamba mtu akitembelewa ndiye mwenyeji, kwa hiyo atawapokea mwenyewe. Wakatandika mikeka na mito. Akamfundisha kushika dele la kahawa mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, aanze na mkubwa, asijaze, amimine kidogo kidogo tu, na asikae mpaka wote wamekunywa. Akamfundisha pia kuuliza khabari. Kwetu mgeni haanzi la kwake. Anaulizwa khabari, na anajibu, na ndipo mazungumzo yanafunguka. Mtu aliyekuja na shauri zito huiweka finjani chini bila kuinywa mpaka shauri lake lisikilizwe, na kila mtu aliyekaa pale anaelewa. Akiinywa, amekula kwako, hana tena la shari na wewe. Nilianza kufahamu Mama anakwenda wapi, nikamwambia hawatakubali, watataka waje sebuleni kwetu waseme na mimi kwanza. "Sebule nnaisafisha," alisema. "Imejaa maji."

Na kweli walipofika, sebule ilikuwa imejaa maji, zulia limetolewa nje. Nikawapeleka uani, nimeona aibu na nimejawa hofu. Anselmo alikuwa amesimama mlangoni kwake na shati jeupe lililopigwa pasi, anatabasamu kama mtoto siku ya Idi, kwa sababu katika miaka yote ya kazi yake, aliniambia baadaye, hakuna mkuu wa klabu aliyewahi kumtembelea. Walikaa. Akawasogezea tende na halwa. Kocha alikohoa, akafungua mdomo, lakini Mudiri alimwinulia kidole, kwamba bado. Anselmo akamimina. Goti lilikuwa likimtetemesha, nililiona ndani ya suruali, lakini alisimama wima, dele halikumwaga hata tone. Mudiri akaipokea finjani. Akaishika. Nikaona mkono wake unashuka nayo taratibu kuelekea kwenye mkeka, na hapo Anselmo, asiyejua lolote, akauliza kama alivyofundishwa, kwa Kiswahili, "Khabari za huko mtokako, bwana?"

Mudiri alimtazama. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na ingawa hakuonekana mtu, najua Mama alikuwa nyuma yake anasikiliza. "Kheri," alisema Mudiri. Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili kikongwe cha Unguja mjini, ambacho katika miaka minne yangu ya klabu sikuwahi kumsikia nacho. "Khabari kheri tu. Hatuna khabari ila ya kheri." Na akainywa ile kahawa, akatoa finjani iongezwe, akainywa tena, kisha akaitikisa kwamba imetosha. Kocha hakufahamu neno, akaanza kwa Kiarabu, "Tumekuja kwa sababu..." Mudiri akamkata. "Tumekuja kumjulia hali," alisema. Waliongea nusu saa juu ya samaki. Walipokuwa wakitoka, Mudiri alisimama karibu na mlango wa jiko akasema bila kutazama ndani, "Bibi, leo umenipata." Sauti ya Mama ikajibu, "Karibu tena, mwanangu. Siku nyengine sebule itakuwa kavu."

Dirisha likafungwa Ijumaa na Anselmo akabaki. Nimelifikiri jambo lile mara nyingi, na zaidi wiki hii ya msiba. Kwa hesabu ya mpira lilikuwa kosa; tulihitaji yule mshambuliaji, na kocha alikuwa na haki ya kununa, naye alinuna kweli. Nilimwuliza Mama wakati ule kama amefanya vyema, kuifunga mikono klabu nzima kwa sababu ya mtu mmoja. Alisema klabu haikuja kwake, amekuja mtu akapewa finjani, na mtu yule alikuwa na uwezo wa kuiweka chini. Anselmo hakuambiwa. Aliijua habari hiyo mwezi wa mwisho wa msimu au kabla, sijui, pengine Wanjala alimtobolea. Ninachojua ni kwamba siku moja alikuja jikoni na jodari mzima, akampaka nazi mwenyewe, akamwekea Mama mezani bila kusema neno.

Tukafika mechi ya mwisho tukihitaji sare ili tusishuke. Alikuwa amepumzishwa wiki mbili ili aicheze ile. Ilikuwa alasiri ya joto, majukwaa yamejaa kuliko nilivyozoea, na Anselmo alikuwa mtulivu, amefunga goti kitambaa kizito. Kipindi cha kwanza alicheza vizuri kama siku zile za mwanzo, "Juu! Ngoja! Rudi!" mpaka nikasahau. Kipindi cha pili wapinzani walimwingiza winga mdogo mwenye mbio, na kocha wao hakuwa mjinga, alimwambia amwendee nani. Mara ya kwanza yule kijana alimpita na mimi nikaziba. Mara ya pili alimpita na Khalfan akautoa kwa vidole. Mpira ukaenda kona. Bado ilikuwa bila kwa bila, na muda ulikuwa umebaki wa kutosha kufungwa mara tatu.

Nilimwona ameinama, mikono magotini. Kisha akainuka na kuinua mkono kuelekea benchi. Nilidhani anaomba maji. Kocha, ambaye miezi yote ile alitaka aondoke, sasa alikuwa akimpungia abaki, kwa sababu aliyekuwa benchi ni mtoto wa miaka kumi na minane na hakuna kocha anayetaka kushuka daraja akiwa na mtoto katikati. Anselmo alitikisa kichwa, akainua tena. Nikamkimbilia. "Unafanya nini? Zimebaki kidogo!" nilimwambia. "Mwisho wako huu!" Alikuwa na macho mekundu. "Akija tena nitamlalia chini," alisema. "Najua mwenyewe. Nitalala, na itakuwa penalti." Akanishika shingo kwa nyuma, akanisukuma kuelekea kwa yule winga. "Huyu wako. Ngoja tu." Akatoka akichechemea mpaka kwenye mstari, akampa mkono yule mtoto, na hakugeuka.

Sina cha kusimulia juu ya dakika zilizobaki. Yule winga alikuja, nikarudi, akaja, nikarudi, roho inaniambia mrukie na mimi siruki, na kilichotaka kutokea hakikutokea. Firimbi ilipolia wenzangu walikimbilia majukwaani. Anselmo alikuwa amekaa mwisho wa benchi amejifunika taulo kichwani, na nilipolivuta nikakuta analia na kucheka pamoja. "Sijawahi kukaa nje," aliniambia. "Miaka yote sijawahi kuiangalia kazi yangu kutoka nje. Inatisha, Nassor. Mama yangu aliwezaje?"

Tulirudi nyumbani madirisha ya gari wazi. Nilikuwa na uchungu kwa niaba yake, maana alikuwa amekitaka kitu kimoja tu na amekiacha kikiwa mkononi. Televisheni ilikuwa ikisema peke yake sebuleni. Mama alikuwa ameshaiacha, yuko jikoni anapakua. Alitutazama sote wawili, kisha akamtazama yeye.

"Nimeona umetoka."

"Nimetoka."

"Nani kakutoa?"

Anselmo alisimama pale mlangoni akifikiri, kana kwamba mpaka wakati ule hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Hapana mtu," alisema. "Mimi mwenyewe."

"Basi nawa mikono," Mama akasema, "njoo ule."